Dabi Isiyo na Marudiano

Jumamosi ya tarehe 3 Juni 2023 madereva wa treni wa Uingereza waligoma, kwa hiyo ami yangu akaja kunichukua na gari yake. Nilikuwa nimefikia Croydon, kusini mwa London. Alipiga honi mara moja tu, ile honi ya mtu aliyeendesha basi la abiria miaka thelathini.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Viatu gani hivyo? Tunakwenda kukanyaga nyasi, hatuendi harusini."

Ami ni mtu wa Tanga. Alitoka nyumbani baharia, miaka ya sitini akateremka melini katika bandari moja ya huku, na hakupanda tena. Ni Yanga wa kulia machozi. Mimi ni Simba, na huo ndio ugomvi pekee tulio nao ndani ya ukoo. Tulipoingia barabarani nikamchokoza: leo kuna dabi, tutawahi kurudi? Siku hiyo Manchester City na Manchester United walikuwa wanakutana Wembley kwenye fainali ya Kombe la FA, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu kombe lianze.

"Dabi ni huku tunakokwenda," akasema. "Ule ni mpira."

Tulikuwa tunakwenda Epsom kutazama farasi. Na nilichokuja kukijua njiani ni kwamba mbio zile, ziitwazo Derby, ambazo kwa kawaida hukimbizwa alasiri, mwaka ule zilisogezwa nyuma hadi saa saba na nusu mchana ili zisigongane na mpira wa saa tisa. Yaani dabi ya mpira ilikuwa imeiambia Derby yenyewe isogee kando. Mtoto kamwondoa baba kwenye kiti chake, na baba kaondoka kwa adabu.

Sisi tunapotamka "dabi" tunajua tunachokisema. Simba na Yanga, Dabi ya Kariakoo. Gor na Ingwe kule Nairobi, Dabi ya Mashemeji. Maana yake ni watani wa jadi, wale wale, mzunguko wa kwanza na mzunguko wa pili, na ukifungwa Oktoba unahesabu miezi mpaka urudishe. Wapo wanaobishana kwamba neno hili la mpira lilitoka kwenye mji wa Derby na si kwenye farasi. Mimi nipo upande wa farasi, na mnisamehe. Lakini tazama kichekesho chake. Mbio ambazo ndizo Derby ya kwanza duniani hazina marudiano kabisa. Farasi anayeingia lazima awe na miaka mitatu, si miwili, si minne. Mwakani atakuwa keshapita. Hakuna farasi aliyewahi kushinda Derby mara mbili na hakuna atakayeweza. Ukishindwa, umeshindwa mpaka kaburini.

Jina lenyewe lilipatikana kwa kurusha sarafu, au ndivyo inavyosimuliwa. Mwaka 1779 kijana tajiri, Lord Derby wa 12, alikuwa na nyumba karibu na Epsom iliyoitwa The Oaks. Yeye na wageni wake wakaanzisha mbio za farasi majike wa miaka mitatu, wakazipa jina la nyumba ile, na jike lake aitwaye Bridget ndiye akashinda. Kwenye sherehe za ushindi wakapanga mwaka unaofuata wawe na mbio nyingine, za madume na majike pamoja. Ziitweje? Mezani alikuwapo Sir Charles Bunbury, mzee wa Jockey Club, chama cha wakubwa wa mbio za farasi, mtu ambaye neno lake katika mambo ya farasi lilikuwa kama fatwa. Sarafu ikarushwa, Derby akashinda. Kama ingeangukia upande wa pili, leo hii watangazaji wetu wangekuwa wanakauka koo wakitangaza Bunbury ya Kariakoo.

Hakuna mtu aliyeandika siku ile kwamba ameiona sarafu hiyo hewani, na mimi sitaapa. Lililo hakika ni kwamba tarehe 4 Mei 1780 farasi tisa walikimbia maili moja pale Epsom, na aliyeshinda ni Diomed, farasi wa Bunbury. Mwenzake kachukua jina, yeye kachukua mbio. Lord Derby alingoja mpaka 1787 ndipo farasi wake mwenyewe, Sir Peter Teazle, akamtoa aibu. Wakati huo masafa yalikuwa yameongezwa tangu 1784 kuwa maili moja na nusu, kama mita 2,400, na hayo ndiyo mpaka leo.

Huyo Diomed ana kisa chake. Baada ya ushindi ule alichuja. Akawekwa kuwa dume la mbegu, watoto wake wakawa si kitu, bei yake ikashuka mpaka watu wakawa hawamtaki hata kwa hisani. Mwaka 1798, akiwa na miaka 21, umri wa babu kwa farasi, akauzwa Marekani kwa gini 50, fedha ya zamani ya Kiingereza, na kupakiwa merikebuni kwenda Virginia. Ungetarajia afie njiani. Alifika, akaishi miaka kumi mingine, na akazaa kule kizazi cha farasi ambao ukoo wao ulitawala mbio za Marekani karne ya 19 karibu nzima. Yule Lexington maarufu ni kilembwe chake. Waingereza walikuwa wameuza mti wenye matunda kwa bei ya kuni.

Na hapa ndipo penye kiini, kwa sababu Derby si mbio za fedha tu, ingawa fedha zipo. Ni mtihani wa nasaba. Sisi watu wa pwani tunalijua jambo la nasaba kuliko tunavyopenda kukiri. Tuna wazee wanaoweza kukutajia babu zako saba kabla hujamaliza kahawa, na kukunyima mke kwa sababu ya babu wa tano. Basi farasi hawa, wanaoitwa thorobredi, wana shajara, yaani orodha ya ukoo, inayowekwa vitabuni tangu karne ya 18 na inayolindwa kuliko ya masharifu. Kwa upande wa kiumeni wote wanarudi kwa madume watatu waliofika Uingereza kutoka Mashariki. Wa kwanza ni Byerley Turk, ambaye bwana wake, Kapteni Byerley, alimpanda katika vita vya Boyne kule Ireland mwaka 1690. Wa pili alinunuliwa Aleppo, mji ambao Waarabu huuita Halab, na mfanyabiashara Thomas Darley, akapelekwa Yorkshire mwaka 1704: Darley Arabian. Wa tatu, Godolphin Arabian, alipitia Tunis na Ufaransa. Wataalamu wa vinasaba wanasema takriban asilimia 95 ya madume wa thorobredi waliopo leo wanatokana na yule mmoja wa Halab. Mzee mmoja, wajukuu dunia nzima.

Ndiyo maana madume waliohasiwa hawaruhusiwi kuikimbia Derby. Kwenye mbio nyingine nyingi wanaruhusiwa, na wengine ni mashujaa wakubwa. Hapa, farasi asiyeweza kuzaa hana analotafuta. Mtaliano Federico Tesio, aliyekuwa bingwa wa kuzalisha farasi, aliwahi kusema kwamba thorobredi yupo kwa sababu ya kipande cha mbao tu: mlingoti wa kumalizia wa Derby ya Epsom. Hakuchaguliwa na wataalamu wala madaktari. Aliyefika kwanza kwenye ule mti ndiye anayezaa.

Na kwa sababu umri ndio mlango wa kuingilia, hawakukosekana vijeba. Msomaji wa Tanzania halihitaji maelezo neno hilo. Amewaona kwenye mashindano ya vijana chini ya miaka 17, mtu ana ndevu na watoto wawili. Mwaka 1844 aliyeshinda Derby ni Running Rein. Tangu kabla ya mbio palikuwa na mnong'ono kwamba si mtoto wa miaka mitatu, bali ni farasi mwingine kabisa, aitwaye Maccabeus, wa miaka minne. Mwaka mmoja kwa farasi wa umri huo ni tofauti ya kijana wa darasa la saba na baba yake. Lord George Bentinck, mcheza kamari mkubwa na mwanasiasa ambaye hakuwa malaika, akageuka mpelelezi, akazunguka kuulizia hata rangi za nywele za farasi zilinunuliwa wapi.

Farasi huweza kukudanganya kwa rangi lakini si kwa meno. Meno ya mbele ya utotoni hung'oka jozi baada ya jozi: ya katikati akifika miaka miwili na nusu, ya pili mitatu na nusu, ya tatu minne na nusu. Ukimfungua kinywa umesoma cheti cha kuzaliwa. Shauri lilipofika mahakamani, jaji akataka jambo moja tu, rahisi: mleteni farasi. Farasi akawa haonekani. Kapotea, kafichwa, nani ajuaye. Mwenye shauri akanyoosha mikono, na ushindi ukapewa Orlando, farasi wa Kanali Peel, ndugu yake waziri mkuu. Katika mbio hizo hizo farasi mwingine, Leander, alivunjika mguu na kuuawa. Taya zake zilipochunguzwa baadaye ikabainika naye alikuwa kazidi umri. Vijeba wawili, mbio moja! Laiti wangekuwapo wale madaktari wanaopima mifupa ya viganja vya vijana wetu.

Ami hachezi kamari. Amekwenda Epsom zaidi ya mara kumi na hajawahi kuweka hata peni, na jambo hili hulitangaza kwa sauti kila anapopita kwenye vibanda vya wachukua dau, kama mtu anayepita msikitini akiwa na udhu. Mkewe haamini. Alipiga simu mara mbili tukiwa njiani. "Mko wapi?" "Tunatembea tembea." "Mnakwenda kwenye kamari." "Tunakwenda kutazama wanyama, mama." Kimya. Kisha: "Leteni maziwa mkirudi."

Anayetaka hoja ya kumpa mke huyu silaha, achukue ya Hermit. Mimi nimeisoma mara nyingi na bado inanishangaza kama hadithi ya bibi.

Palikuwa na kijana tajiri, Henry Chaplin, aliyemposa binti mrembo kuliko wote London wa wakati ule, Lady Florence Paget. Harusi ikapangwa. Siku moja ya Julai 1864 binti akashuka kwenye gari la farasi mbele ya duka kubwa la nguo, Oxford Street, akaingia kama anayekwenda kununua vitu vya harusi. Akatokea mlango wa pili. Huko alikuwa anangojewa na mtu mwingine, Marquess wa Hastings, na siku hiyo hiyo wakaoana. Chaplin hakupiga kelele. Akanunua farasi. Miongoni mwao alikuwa mtoto wa farasi aliyelipiwa gini 1,000, akaitwa Hermit, na inasemwa kwamba Hastings naye alikuwa akimtaka kwenye mnada ule ule akashindwa bei.

Hastings alikuwa mcheza kamari wa kupindukia. Kwa Derby ya 1867 akaapa kwamba Hermit hashindi, akaweka fedha dhidi yake kama anayemwaga maji. Na kama siku kumi hivi kabla ya mbio Hermit akatokwa damu puani katika mazoezi, mshipa umepasuka. Kila mtu akajua yamekwisha. Dau lake likashuka kiasi kwamba aliyeweka pauni moja angepata zaidi ya 66. Siku ya mbio, mwezi Mei, ikaanguka theluji. Farasi wakapangwa, wakaanza vibaya, wakarudishwa, mara kumi hivi, wamelowa, wanatetemeka. Walipoachiwa kweli kweli, Hermit akatokea nyuma mwisho kabisa akamzidi Marksman kwa shingo.

Mkeka wa Hastings ulichanika vipande visivyookoteka. Hasara yake inatajwa kuwa pauni 120,000 za wakati huo, na kati ya hizo 20,000 zilikuwa za kumlipa Chaplin mwenyewe. Mwaka uliofuata akafa, afya imemwishia, na umri wake miaka 26. Kuhusu Florence watu wengi hawaandiki sana, na mimi naona yeye ndiye mwenye kisa. Aliingia mlango mmoja akatoka mwingine, basi. Wanaume wawili wakaifanya siku yake kuwa mbio za farasi.

Tuliegesha gari mbali, tukatembea. Uwanja wa Epsom haufanani na uwanja wa mbio unaoujua kwenye televisheni, ile duara tambarare kama sahani. Huu ni umbo la kwato, juu ya vilima vya nyasi, na farasi wanaanza kwa kupanda mlima, kama mita arobaini kwenda juu, kisha wanashuka kwa kasi wakikata kona ya kushoto iitwayo Tattenham Corner, halafu wananyooka kwenye njia iliyoinama upande mmoja kama jahazi lililolaliwa na upepo. Farasi mwenye nguvu bila akili anapotea kwenye mteremko. Mwenye akili bila pumzi anaishiwa kwenye mita mia mbili za mwisho. Katikati ya umbo hilo la kwato ni kilima, na hapo watu huingia bure. Upande wa pili, kwenye majukwaa, ni kofia ndefu na suti za mkia. Sisi tulikuwa kilimani na maelfu ya watu na mabasi ya ghorofa na watoto wanaolia.

Ami akanionyesha ile kona kwa kidole. "Pale."

Hakuhitaji kusema zaidi. Tarehe 4 Juni 1913 Emily Davison, mmoja wa wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura, alipita chini ya uzio pale Tattenham Corner baada ya kundi la kwanza la farasi kupita, akasimama mbele ya Anmer, farasi wa Mfalme George V. Vipande vya filamu vipo, dunia nzima imeviona: mwanamke mdogo, farasi, na kisha vumbi. Joki, yaani mpanda farasi, Herbert Jones akaangushwa, akapona. Davison hakuamka tena. Alikufa siku nne baadaye hospitali ya pale pale Epsom. Kwenye mkoba wake palikutwa tiketi ya treni ya kurudi. Wapo wanaoishika tiketi hiyo kuthibitisha kwamba hakukusudia kufa, kwamba alitaka tu kumfunga farasi wa mfalme kitambaa cha rangi za harakati zao. Mimi sijui tiketi ya treni inathibitisha nini. Nimewahi kukata tiketi za kurudi mahali ambapo sikurudi.

Ajabu ni kwamba wengi wa waliokuwapo siku ile waliondoka wakizungumzia jambo jingine. Craganour, aliyepewa nafasi kubwa, alifika wa kwanza, na jina lake likatundikwa kuwa mshindi. Kisha wasimamizi wakaketi, wakasema alimsukuma mwenzake, wakamnyang'anya. Ushindi ukaenda kwa Aboyeur, ambaye pauni moja yake ililipa mia. Mwenye Craganour alikuwa Bower Ismay, ndugu yake yule Bruce Ismay mkuu wa kampuni ya Titanic aliyeokoka kwenye mashua mwaka mmoja kabla. Kama wasimamizi walimhukumu farasi au waliuhukumu ukoo, watu wanabishana mpaka kesho. Wanawake wa Uingereza walianza kupata kura mwaka 1918, na sawa na wanaume 1928.

Siku tuliyokuwapo sisi polisi walijaa kama mchwa. Kundi la watetezi wa wanyama lilikuwa limetangaza litazuia mbio. Mbio zilipoanza tu, mtu mmoja akaruka uzio akaingia kwenye nyasi. Polisi wakamdaka na kumbeba kabla farasi hawajazunguka. Waliokuwa karibu nasi wakamzomea. Ami hakuzomea. "Farasi hajui siasa," akasema, na sikujua anamlaumu nani.

Kuna jina ambalo msomaji wa Dar es Salaam hakulitegemea humu. Lile lililo kwenye hospitali ya ufukweni, na shule, na hata magazeti ya Nairobi yalianzishwa nalo. Aga Khan wa tatu, Sultan Mahomed Shah, yule ambaye Agosti 1946 alipimwa kwa almasi pale Dar es Salaam mbele ya wafuasi wake, alishinda Derby mara tano: 1930, 1935, 1936, 1948 na 1952. Bahram wa mwaka 1935 hakushindwa na farasi yeyote maisha yake yote. Mjukuu wake, Karim, aliyefariki Februari 2025, naye akashinda tano. Wazee wa Upanga waliokuwa wakichangia jamatini, sijui wangapi walijua kwamba imamu wao na kitabu cha shajara za farasi ni marafiki wa karibu hivyo.

Farasi wa Karim aliyewaumiza watu mioyo zaidi ni Shergar. Mwaka 1981 alishinda Derby kwa tofauti ya urefu wa farasi kumi, na hakuna aliyeshinda kwa nafasi kubwa kama ile. Aliyempanda, Walter Swinburn, alikuwa na miaka 19. Akauzwa kwa hisa 40, kila moja pauni 250,000, jumla milioni kumi, akapelekwa Ireland kuzalisha. Alizalisha msimu mmoja. Usiku wa tarehe 8 Februari 1983 watu wenye silaha na vinyago wakaingia zizini, wakampakia kwenye gari, na hajaonekana tena hata mfupa. Lawama ikawaangukia IRA, wapiganaji wa chini kwa chini wa Ireland. Fidia ikadaiwa, haikulipwa. Hebu fikiri: mtihani wote wa dakika mbili na nusu ni kwa ajili ya kizazi, na aliyefaulu kuliko wote kizazi chake kikakatwa na watu wasiojua hata kumshika farasi hatamu.

Kisha wakaja Waarabu wa Ghuba, na hapa mimi huona kama safari ya kurudi. Wana wa Maktoum wa Dubai walianza kununua thorobredi kwa fedha ambazo hata malodi walishika vichwa. Shirika la kuzalishia la mmoja wao, Sheikh Mohammed, likaitwa Darley, na zizi lake la mbio likaitwa Godolphin. Majina ya wale wazee wawili. Damu iliyonunuliwa Halab mwaka 1704 sasa inanunuliwa tena na Mwarabu, kwa bei nyingine. Mwaka 1995 Lammtarra, wa familia hiyo hiyo, alishinda Derby kwa rekodi, na mbio hizo ndizo zilikuwa zake za kwanza mwaka ule. Alikuwa ameota jua la Dubai msimu wa baridi. Mfunzi wake, Saeed bin Suroor, kabla ya hapo alikuwa askari polisi Dubai. Ami anamkumbuka sana huyu. Anasema ilikuwa mara ya kwanza alipowaona Waingereza wa kilimani wakijitahidi kutamka jina la Kiarabu, na wakikosea, na wakirudia.

Ya Malkia Elizabeth nitayapita haraka: alipenda farasi kuliko watu, alivishwa taji Juni 2, 1953, siku nne baadaye farasi wake Aureole akawa wa pili Epsom, na kwa miaka sabini hakupata tena karibu zaidi ya hapo. Aliyemshinda ni Gordon Richards juu ya Pinza, joki aliyekuwa akijaribu Derby kwa mara ya 28. Binadamu ana marudiano. Mbio hizi hazijakosa mwaka hata mmoja tangu 1780. Vita viwili vya dunia vilizihamishia Newmarket, mji mwingine wa mbio za farasi, na korona ikazifanya zikimbizwe mwaka 2020 bila watazamaji.

Farasi walikuwa 14 siku yetu. Nilimchagua Auguste Rodin, bila fedha, kwa sababu ya kisa chake: wiki nne kabla, kule Newmarket, alikuwa wa 12 kati ya 14. Magazeti yalimcheka. Baba yake, Deep Impact, shujaa wa Japani, alikuwa amekufa 2019, na kizazi hiki kilikuwa cha mwisho, watoto wachache tu. Kwa hiyo kwa yeye na wenzake milango yote ilikuwa inafungwa kwa pamoja.

Kilimani huoni mbio. Unaona kofia, unaona skrini kwa mbali, halafu unazisikia kwato kabla ya kuona chochote, mlio unaotoka ardhini kupitia nyayo, na hapo nikaelewa kwa nini ami aliuliza viatu. Wakapita. Wakati huo mbele alikuwa King of Steel, farasi mkubwa wa kijivu ambaye hakuna aliyemtaja, na nyuma yake Ryan Moore juu ya Auguste Rodin anamfuata kama mwenye deni. Sekunde chache tu, wamekwisha pita, tumebaki na migongo yao na madongo ya nyasi hewani. Kelele za upande wa majukwaa ndizo zilizotuambia. Auguste Rodin, kwa nusu ya urefu wa farasi. Mfunzi wake, Aidan O'Brien wa Ireland, hiyo ilikuwa Derby yake ya tisa.

"Basi?" nikauliza.

"Basi," akasema ami. "Ulitaka dakika tisini?"

Foleni ya kutoka ilikuwa ndefu kuliko historia yote niliyokusimulia. Saa tisa ilitukuta bado tumesimama, madirisha wazi, redio imefunguliwa Wembley. Refa akapuliza, na kabla ami hajamaliza kurekebisha sauti Gündogan alikuwa keshafunga; sekunde kumi na mbili, mtangazaji akasema. Ami, ambaye kwa sababu asizoweza kunieleza ni mtu wa United, akaitazama redio muda mrefu. Kisha akaingiza gia, gari likasogea hatua tatu.

"Tutawarudishia msimu ujao," akasema. "Nikumbushe maziwa."